Bwana Ignace Kabongo, Aliyetoka Nje ili Ukoo Uamue

Butembo, tarehe 26 Juni 1967

Kwa Mheshimiwa Bwana Mkuu wa Kazi za Jamii, Beni, na kwa wote watakaosoma karatasi hii siku ya sherehe.

Pokeeni salamu na heshima zetu. Makusudi ya maandiko haya ni mawili. La kwanza ni kumuaga Bwana Ignace Kabongo, anayestaafu tarehe 1 Julai baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi. La pili ni kuomba uamuzi juu ya Malachie na mdogo wake Abdias, watoto wa Luofu, ambao gari litawapeleka kwenye nyumba ya mayatima Jumatatu ijayo, ilhali ukoo wao haujaulizwa neno.

Bwana Kabongo alifika Butembo mwaka 1945 akitoka Kasai, kijana mwembamba aliyevaa makoti mawili kwa baridi yetu. Alikuwa mkalimani wa afisa Mzungu wa kazi za jamii. Siku zile wazazi na jamaa za watoto waliitwa ofisini, wakaambiwa la kufanya, wakaenda zao. Uhuru ulipokuja na Mzungu akaondoka, Bwana Kabongo alirithi kiti chake. Na, kama anavyosimulia mwenyewe huku akicheka, alirithi pia namna ya kukikalia.

Kosa lililomfundisha kazi lilitokea mwaka 1961. Binti aitwaye Jokébed, wa Oicha, alikuwa amefiwa na mama. Bwana Kabongo aliwaita jamaa zake ofisini, akawapa viti, akapendekeza binti akae Beni kwa mjomba mwenye nyumba ya mabati. Wote walisema ndiyo. Aliandika kwamba wamekubaliana. Juma halijaisha, Jokébed alikuwa amerudishwa Oicha kwa shangazi yake, Mama Kasika.

Bwana Kabongo alikwenda huko kwa hasira. Mama Kasika alimkaribisha kwa ndizi, kisha akamjibu:

"Bwana Kabongo, ulitupatia kiti, tukasema ndiyo. Mutu hapana bishana na mwenye nyumba mu nyumba yake. Ile ndiyo ilikuwa ya kushukuru kiti. Shauri ya mutoto inakatwa mu kyaghanda."

Kyaghanda ni kile kibanda chenye moto ambamo ukoo hukutana kukata mashauri. Bwana Kabongo aliuliza kama wanawake nao husikilizwa humo. Mama Kasika alisema: "Wanaume banasema. Siye tunabaambia ya kusema."

Tangu siku hiyo alibadili mwendo wake. Aliufuata ukoo nyumbani kwao, akaueleza yote aliyoyajua, mazuri na mabaya, kisha akatoka nje na kuwaachia neno. Hakurudi ndani mpaka aitwe. Wanawake wa jikoni walimpa maharagi amenye wakati wa kungoja, na mmoja akamchokoza: "Monsieur, Serikali inajua kumenya maharagi?" Akajibu: "Hapana, mama. Inajua kula tu."

Wakubwa wengine walisema anapoteza muda. Tunakiri kwamba si kila ukoo ulikubali kulea. Uliokataa, aliandika kwamba umekataa. Lakini mtoto wa ukoo huo aliondoka akiwa ameagwa na watu wake. Hakuchukuliwa kama mzigo.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 1965, baada ya uasi. Mtoto mmoja wa Oicha alikuwa na baba aliyekwenda na waasi na kuchoma nyumba za jamaa zake mwenyewe. Ofisi ilikuwa na hakika kwamba hakuna atakayempokea. Bwana Kabongo aliomba ukoo ukae kwanza. Alitoka nje kama desturi, na safari hii hakumenya hata punje moja, maana sauti za ndani zilikuwa kali. Alipoitwa, mzee Maliro, ambaye nyumba yake iliungua, alikuwa amesimama. Alisema: "Baba yake alichoma nyumba yangu. Mutoto hapana choma kitu. Atalala kwangu." Leo mtoto huyo anasoma, na anaitwa mwana wa Maliro.

Baba wa Malachie na Abdias naye alikwenda na waasi, hakurudi. Mama yao amefariki mwaka huu. Ofisi imesema tena kwamba ukoo utawakataa. Hakuna aliyefika Luofu kuuliza. Bwana Kabongo alikuwa amepanga kwenda, lakini ruhusa haikutoka, na Jumamosi mamlaka yake yanakwisha.

Bwana Kabongo, wasingya, asante kwa miaka yote uliyokaa nje ya mlango ili wenye mtoto wakae ndani. Nenda salama kwenu Kasai. Joto la huko likupumzishe mifupa, na kila mlango utakaoupigia hodi ufunguliwe na mtu anayekujua jina.

Nawe Mheshimiwa, tunaomba gari la Jumatatu lisimame, na Bibi Sophie Kalala, aliyejifunza kazi kwa Bwana Kabongo, apewe ruhusa ya kwenda Luofu na kungoja mpaka ukoo useme neno lake. Tafadhali tujibu kabla ya Jumamosi, ndiyo au hapana. Na ikiwa ni ndiyo, isiwe ya heshima tu.

Stanislas Vagheni, karani, kwa niaba ya wafanyakazi wenzake.