Fleva ya Nanasi

Basi la Iringa lilipoiacha Rujewa, Mama Mbuke alifungua kichupa, na harufu ya nanasi ikajaa hadi konda akainama kutafuta tunda chini ya viti. Nyuki wangepanda bila kuulizwa nauli.

"Mama, hiyo ni fleva ya vepu, zile sigara za umeme," alisema Ezron, kijana aliyekaa dirishani kando yake. "Mnachanganya nyumbani?"

"Alichanganya mwanangu Budeba. Tulimzika mwezi uliopita, ajali ya pikipiki. Mashati yake yameshaisha harufu, nimebaki na hiki."

"Pole sana, mama. Lakini kikiisha usilie. Hiyo huja imeshachanganywa kiwandani, nanasi na vikorombwezo vyake. Yeye alidondoshea tu kwenye glisirini. Madukani ipo."

"Ya dukani haitakuwa yake," alibisha Mama Mbuke, akikaza kifuniko. "Mimi nilijua ameitunga mwenyewe."

"Ni ile ile. Hata mimi navuta hiyo."

Mama Mbuke akamwinamia, akanusa kola yake bila kuomba ruhusa. Ilikuwa ile ile kweli. Hata jasho lilikaribia kuwa la Budeba.

Basi likasimama Ipogolo. "Nashuka hapa, mama," alisema Ezron taratibu.

Mama Mbuke, aliyeziba njia, hakusogeza magoti.