Mama Mkia, Aliyeanza Kugawa kwa wa Nyuma

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wa foleni mliojaa mpaka nje ya lango, poleni sana. Mimi ni mdogo wake marehemu. Aliyepangiwa kusoma wasifu hapa ni mpwa wangu mwalimu, na karatasi yake ninayo mkobani. Kaandika mazuri matupu. Nimemwambia, mwanangu, haya ya mama yako niachie mimi, maana nilimwonea wivu miaka sitini na nne na hakuna anayemjua mtu kama mwenye kijicho naye.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba alikuwa mlinzi pale kiwandani, mama alikuwa dobi. Mimi nilifika miaka mitatu baadaye nikakuta sifa zote zimeshagawiwa. Nikivunja kikombe, "Mwangalie dada yako." Nisipovunja, hakuna aliyesema kitu.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1970. Shuleni tulikuwa tunapewa mkate wakati wa mapumziko, na yeye kila siku alisimama nyuma ya wote. Mimi nilisukumana mpaka nikawa wa kwanza. Siku moja mkate ukamwishia, mwalimu mkuu akamkatia nusu ya wake, wenye siagi! Mimi wa mbele nikabaki na kipande kikavu. Nilirudi nyumbani nalia, mama akaniuliza nani kanipiga.

Mwaka 1975 aliajiriwa kwenye kiwanda cha kushona sare, akashona kola kwa miaka thelathini na saba. Mwaka 1981 aliolewa na fundi bomba, mtu mpole, ambaye alikuja kwetu kuziba bomba la jikoni. Aliyemfungulia mlango ni mimi. Aliyemshikia taa ni mimi. Aliyeolewa mnamjua. Shemeji alitangulia mbele ya haki mwaka 2009, na hata siku ya kumzika, watu walimpa pole dada yangu mpaka nikaona na mimi nilistahili kidogo.

Jumatatu, tarehe 4 Juni 2012, wiki ya kwanza ya kustaafu kwake, alibeba sufuria ya maharagwe na wali akaiweka kwenye kibaraza cha duka la vioo, nyuma ya kituo cha mabasi, walikokuwa wanalala watu wasio na kwao. Siku hiyo walikula kumi na mmoja. Baada ya mwaka walikuwa mia na zaidi. Muuza mboga alileta zilizobaki sokoni, fundi viatu akatoa benchi lake, muokaji akatoa mikate ya jana. Hakuna aliyelipwa.

Kulikuwa na sheria moja tu. Marehemu hakuanza kugawa mbele. Alichukua mwiko na ndoo akaenda mpaka mwisho wa foleni, akaanza na aliyesimama nyuma kabisa. Alisema wa mbele ana miguu na ana mdomo. Wa nyuma ana njaa na aibu, na aibu inamfukuza mtu kabla hajafikiwa. Basi watu nao wajanja, kila mmoja akataka kuwa wa nyuma! Foleni ikarudi kinyumenyume mpaka ikaziba mlango wa fundi viatu, wateja wakashindwa kuingia. Marehemu akawatazama, akaenda kumpa kwanza bibi mmoja aliyeachwa peke yake mbele. Tangu hapo hila zikaisha, na yeye akaitwa Mama Mkia.

Mimi roho iliniuma, sitaficha. Maharagwe yake yalikuwa hayana chumvi, jamani, na mnajua! Mwaka 2016 nikaweka sufuria yangu ng'ambo ya barabara, Jumanne na Ijumaa. Yangu ilikuwa na vitunguu, karoti na chumvi ya mtu mwenye akili. Siku ya kwanza walikuja watatu. Nilirudi nyumbani na sufuria imejaa, mikono inauma, nikasema sirudi tena. Lakini sikutaka anicheke. Ijumaa nikarudi, nikakuta watu arobaini wananisubiri.

Nikavimba kichwa. Nikamvukia barabara nikamwambia, "Unaona, dada? Watu wanajua chakula."

Akanijibu, "Kweli kabisa, mdogo wangu. Chako kina chumvi."

Nikajua nimemshinda. Miaka minane nililala na ushindi huo.

Februari mwaka huu marehemu aligundulika kuwa na saratani ya ini. Tarehe 21 Oktoba alilazwa. Wadi ilijaa wageni, muuguzi akalalamika. Siku moja nikiwa nampangia mito, akaingia yule wa foleni mnayemwita Kanali, ambaye jeshini hajafika ila koti analo. Akamwinamia akasema, "Mama, sasa ile zamu ya kwenda ng'ambo kwa mdogo wako, nani atatupangia?"

Nikauliza, "Zamu gani?"

Kanali akaniona, akashika mdomo. Nilimkazia macho mpaka akasema. Miaka yote minane, kila Jumanne na Ijumaa, marehemu alikuwa anachagua watu arobaini anawatuma kwangu, na anawaonya wasiseme. Foleni yangu nzima ilikuwa yake.

Nilingoja Kanali atoke. Nikamwambia, "Dada, ulikuwa unanipa watu sadaka? Mimi?"

Alikuwa hana nguvu ya kukaa. Akasema, "Siku ile ya kwanza nilikuona unarudi na sufuria imejaa. Nikatazama barabara yote. Wa nyuma kabisa ulikuwa wewe. Sasa ningeanza na nani?"

Sikumwambia asante. Nilimwambia maharagwe yake hayana chumvi. Akacheka mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini.

Alifariki Jumanne, tarehe 5 Novemba, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba. Aliyekuwa amemshika mkono ni binti yake. Mimi nilikuwa jikoni nakatakata vitunguu, kwa kuwa ilikuwa siku ya sufuria yangu. Hilo nalo nitamwonea wivu mpwa wangu mpaka kufa.

Jana nilivuka barabara, nikaweka sufuria yangu kwenye kibaraza chake. Ng'ambo nimeshafunga. Kwa mazoea nikachota nikampa wa mbele. Hakunyoosha sahani. Akasema taratibu, "Mama, nyuma." Nikabeba ndoo nikaenda. Foleni ni ndefu, sikuwahi kujua ni ndefu hivyo. Mwisho wake alikuwa Kanali. Akaonja, akasema, "Chumvi ipo." Haki ya Mungu, nilifurahi. Kisha akasema, "Lakini maharagwe ya Mama Mkia yalikuwa matamu zaidi."

Kanali, uko hapo nje, nakuona. Umesema kweli, na sijakusamehe.

Nitataja aliowaacha kwa sheria yake mwenyewe, kuanzia mkiani. Ameacha ninyi wa nje ya lango, mia moja na ishirini kwa hesabu ya jana. Ameacha muuza mboga, muokaji na fundi viatu. Ameacha wajukuu watano. Ameacha watoto wawili, binti mwalimu na kijana dereva wa lori. Na ameacha mdogo wake mmoja, aliyesukumana kuwa mbele maisha yake yote, ndiyo maana leo anatajwa mwisho.

Watu wamejaa kwa ajili yako, dada. Mimi sitapata hata nusu ya hawa, na inaniuma. Lakini wewe kutokuwepo kunaniuma zaidi.

Pumzika kwa amani. Jumatatu naanza na wa nyuma.