Jiko Lililopasha Sufuria Peke Yake

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mliozoea kuitikia kwa nguvu, itikieni na kwa niaba yangu, maana sauti yangu ni ndogo na jambo lenyewe ni refu.

Naanza na swali. Mhudumu wa zamu katika hospitali moja huko Njombe aliniuliza, kalamu mkononi, karatasi ya mama yangu mbele yake: "Dada, umesema mama anapikia umeme. Sasa mkaa aliuwasha wa nini?"

Jiko la umeme nililichagua mimi na kulinunua mimi. Habari za mkaa sikuzijua kabisa.

Wengi wenu mnanijua. Mimi ndiye niliyemchosha mchungaji kwenye darasa la kipaimara, mpaka akaniambia maswali mengine niyapeleke chuo kikuu. Nikayapeleka. Nilisoma sayansi, nikarudi na maswali mengi zaidi, na sasa nafanya kazi hapa Makambako katika ofisi ya wanunuzi wa parachichi. Sijasimama kuwaambia kwamba maswali yameisha. Nimesimama kushuhudia alichotenda Mungu nyumbani kwetu, na jinsi alivyonitoa kwenye kiburi ambacho mimi nilikiita utafiti.

Mama ni mjane. Anaishi peke yake pembezoni mwa mji wa Njombe, analima viazi na ana miparachichi michache. Jiko lake lilikuwa kibanda cha nje: mafiga matatu, kuni za miwati, kuta nyeusi tii. Alikohoa kila asubuhi, na macho yake yalikuwa mekundu siku zote kama ya mtu aliyetoka msibani. Niliuchukia moshi ule, na hapo sikukosea. Nilipopata kazi nikaapa kwamba mama yangu hatapuliza kuni tena. Nikaweka akiba, nikamjengea jiko la ndani lenye vigae ukutani, kisha nikaanza kuchagua jiko la kuweka juu ya meza ya zege.

Nilichora jedwali. Gesi ina moto unaouona na kuupunguza upendavyo, na umeme ukikatika bado unapika; lakini mama hasikii harufu vizuri, na nilijiuliza mpira ukivuja nani atamwambia. Jiko la umeme la koili linapokea sufuria yoyote, lakini linachelewa kupata moto, linachelewa kupoa, na joto lingi linapotelea pembeni. Likabaki lile la kioo, linalopasha kwa sumaku. Hilo, ndugu zangu, ni jiko la ajabu. Joto linazaliwa kwenye kitako cha sufuria yenyewe, na ukiiondoa sufuria jiko linajizima. Pembeni hakipotei kitu. Shida yake ni kwamba linachagua. Sufuria za alumini, hizi zetu za gulioni, halizitambui kabisa. Kabla ya kununua sufuria unaweka sumaku kwenye kitako. Ikinasa, jiko litaipokea. Nilizunguka maduka ya Makambako na sumaku mfukoni, nikigeuza sufuria za watu, mpaka muuzaji mmoja akaniuliza kama nanunua sufuria au nakusanya chuma chakavu.

Kila safu ya jedwali langu, kioo kilishinda. Safu ya mtu atakayekaa mbele ya jiko hilo sikuichora.

Siku fundi alipolifunga, nilimwambia akivunje na kile kibanda cha nje. Mama aliomba kibaki. Nikamwambia kikibaki atakirudia. Hakubishana. Kikavunjwa kabla ya saa sita mchana.

Jirani yetu Mama Tuma alikuja kuangalia. Huyu ndiye anayeomba moto kwetu tangu nikiwa mtoto. Mtaani kwetu moto huombwa kama chumvi: mtu anakuja na kigae cha chungu kilichovunjika, anachukua makaa mawili matatu akawashie kwake, na kabla hajaondoka mmeshajuana nani anaumwa na ng'ombe wa nani amezaa. Alikisogelea kile kioo, akakigonga kwa kidole.

"Hili ndilo jiko? Nikija kuomba moto utanikatia kipande?"

"Njoo na waya, nikuchajie," mama alimjibu.

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami nilicheka, lakini moyoni nilijisemea kwamba hata hilo ni faida: sasa mama atapumzika kutokana na wageni wa moto.

Mwezi wa tano, baridi ilipoanza kushuka, mama aliniambia neno moja ambalo nalikumbuka lilivyo. "Jiko lako ni zuri, mwanangu. Linapasha sufuria. Mimi halinipashi." Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo sifa yake yenyewe, kwamba joto lililokuwa likimfikia zamani lilikuwa hasara. Nilimweleza kwa upole, kwa mifano, kama mwalimu mzuri. Akasema, "Haya, msomi," akainuka kwenda kufungia kuku. Hakuligusia tena.

Nyinyi mnaotoka kule juu mnajua Julai ya Njombe haina mzaha. Jumamosi moja ya mwezi huo ukungu haukuinuka mpaka mchana. Nilikuwa nimempigia mama asubuhi, nikiwa na mpango wa kwenda kumsalimu. Nikachelewa kazini, na saa nane na nusu nilikuwa ndiyo kwanza nakata tiketi stendi, simu ikaita. Namba ya mama, sauti ya Mama Tuma.

"Kamwene, mwanangu."

Alinisalimu kwanza, kwa sababu mtu aliyelelewa kwetu husalimu hata nyumba ikiwaka. Kisha akasema nisikimbie, ila nije. Mama wamempeleka hospitali. Anapumua.

Njia nzima nilijiuliza: kwa nini mtu aseme "anapumua"?

Haya ndiyo niliyosimuliwa nilipofika. Saa nane mchana Mama Tuma alikuja kwetu na kigae chake. Alipiga hodi mara tatu, kimya. Mlango wa nyuma ulikuwa umerudishiwa tu, akaingia. Jikoni kioo kilikuwa baridi. Akasukuma mlango wa chumba cha kulala, ukawa mzito, kwa sababu chini yake kulikuwa na kitambaa kilichosokotwa kuzuia upepo. Mama alikuwa amelala sakafuni. Dirisha limefungwa, na miguuni pa kitanda jiko la mkaa, makaa mekundu, bila moshi wala harufu. Mama Tuma anasema kichwa chake mwenyewe kilianza kuzunguka. Akamshika mama makwapani, akamburuta mpaka uani kwenye ukungu, ndipo akapiga yowe. Kijana mwenye bajaji akasimama. Hospitali wakamwekea mama oksijeni.

Nami nikaulizwa lile swali la mkaa. Aliyejibu ni Mama Tuma, kutoka kwenye benchi.

"Ni baridi, nesi. Huyu mama alizoea kukaa na moto. Moto wake ulivunjwa."

Hakunitazama aliposema hivyo. Akaendelea kueleza kwamba mama alinunua jiko la mkaa tangu mwezi wa tano, na kwamba kila nilipokwenda kumtembelea alilificha stoo nyuma ya magunia ya mahindi, nisije nikakasirika.

Ndugu zangu, hewa iliyotaka kumuua mama yangu mimi naijua kwa jina. Inaitwa kaboni monoksaidi. Niliulizwa habari zake kwenye mtihani, nikajibu vizuri. Haina rangi wala harufu, na mkaa huitoa hata baada ya moshi kwisha. Lakini huku kwetu tumelelewa hivi: mkaa wenye moshi ni mbaya, usiuingize ndani. Tunauacha nje uive, ukishakuwa mwekundu na moshi umekwisha tunauingiza chumbani kwa amani na kufunga dirisha. Mama alifanya hivyohivyo, kwa uangalifu wote. Nami niliyejua sikuwahi kumwambia, kwa sababu kwenye jedwali langu mkaa nilishaufuta.

Nilikaa kando ya kitanda chake. Niliomba. Sikuwa nimeomba kwa muda mrefu, na maneno yalikuwa machache: usimchukue, nitasikiliza. Sikuona mwanga, sikusikia sauti. Nilisikia oksijeni ikitoa mlio kama wa maji yanayochemka. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama mama alifungua macho, akanitafuta, akaniona.

"Umekula?" akaniuliza.

Nikalia kwanza. Baadaye nikamwuliza kwa nini hakuniambia kwamba anasikia baridi kiasi kile.

"Nilikuambia," alisema. "Ukanifundisha."

Hapo ndipo niliposhindwa, ndugu zangu. Nimebishana na wahadhiri, nimebishana na mchungaji. Maneno yale mawili niliyapokea yalivyo.

Tangu siku hiyo nimeulizauliza, maana ndivyo nilivyo. Nilimwuliza Mama Tuma kama kwake kiberiti kilikuwa kimekwisha. Akasema hapana, kilikuwepo, kimejaa. Basi kwa nini alikuja kuomba moto? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. Alikuja kwa sababu alizoea kuja, na tangu mama anunue lile jiko la mkaa alikuwa amepata tena sababu. Angeweza kuja saa tisa. Alikuja saa nane. Mwanafunzi wa sayansi ndani yangu anasema hiyo ni sadfa. Nimelifikiria sana neno hilo. Huenda ni sahihi, lakini siwezi kuishukuru sadfa, na mimi nina shukrani inayotafuta pa kwenda. Nimeipeleka kwa Mungu. Nikiwa nimekosea anwani, yeye atajua la kufanya nayo.

Mama aliporudi nyumbani sikuchora jedwali. Nilivuta kigoda, nikamwuliza anataka jiko lake limfanyie nini. Alifikiri kidogo. Alitaka asonge ugali kwa sufuria alizonazo, bila kuzipima kwa sumaku. Alitaka akae mbele yake jioni apate joto. Alitaka mtu akija kuomba moto asirudi na kigae kitupu. Wala hakutaka kukohoa. Nilishangaa: la kukohoa alilisema mwenyewe. Kumbe hata moshi hakuupenda. Mimi ndiye niliyedhani lazima achague kati ya moshi na baridi.

Fundi alijenga jiko la matofali la kuni, limefunikwa, lenye mdomo mdogo na bomba linalotoa moshi mpaka juu ya bati, na kando yake benchi la udongo linaloshika joto. Dirisha la pale halifungi lote. Tuliacha nafasi ya hewa kwa makusudi. Kwa chai ya asubuhi ana jiko la gesi la plate mbili, mtungi uko nje ya ukuta, na Mama Tuma, ambaye pua yake haijawahi kukosea, amepewa kazi ya kuunusa. Lile la kioo nililihamishia kwenye chumba changu hapa Makambako. Napikia kila siku, na linanifaa sana. Halikuwa jiko baya. Lilikuwa jiko langu, nikampa mtu mwingine.

Kwa hiyo namshukuru Bwana kwa uhai wa mama yangu. Namshukuru kwa kigae cha jirani. Nawe unayeuliza kila kitu, kama mimi, karibu. Humu ndani kuna nafasi, na nimegundua Mungu hakasiriki akiulizwa. Mtumaini. Lakini kumtumaini si kufunga dirisha. Usiku wa leo baridi itakuwa kali, nanyi mna majiko ya mkaa, najua. Yaacheni nje, hata kama yameiva, hata kama hayana moshi. Na kabla hujamnunulia mzazi wako jiko, kaa naye jikoni jioni nzima, uangalie moto unamfanyia nini.

Kuna jambo moja nililijua mwaka huu tu, muda mrefu baada ya hayo. Tulikuwa tunamenya viazi na Mama Tuma, akalitaja kama kitu ninachokijua siku zote. Chumba alichomtoa mama hakikuwa cha mama. Kilikuwa changu, kile ninacholala nikienda. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka safi na mablanketi mawili, na jiko la mkaa limewekwa miguuni pake likipashe chumba joto kabla sijafika, kwa sababu nilikuwa nimepiga simu asubuhi kusema nakuja.