Basi Lifike Carama

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, umetukuta tumeketi chini ya turubai moja, watu wa Buyenzi na watu wa Carama, mabega yanagusana. Kabla hatujasoma neno jingine tunakuomba uangalie hilo kwa macho yako, kwa sababu hapa mjini kwetu, mwaka huu wa 2004, bado si jambo la kawaida.

Sisi ni abiria wa basi linalotoka Buyenzi, linavuka daraja la Ntahangwa, linapita Kinama na kuishia Carama. Tunakushukuru kwa kuja. Kuna chai ya tangawizi, kuna sambusa, na akina mama wa Carama wamepika maharagwe.

Tumekubaliana tusikuchoshe kwa maelezo ya njia nzima. Tutakusimulia mambo ya mwenzetu mmoja, Bi Waridi, yule aliyeketi safu ya mbele amejifunga kitambaa cha kijani. Tulimwomba asome mwenyewe. Akasema sauti yake haitamfikisha mwisho, tusome sisi, yeye atasikiliza.

HISTORIA YA NJIA YETU

Bi Waridi ni fundi wa kushona, mzaliwa wa Buyenzi. Mumewe, marehemu Hamimu, alikuwa shoferi wa njia hii tangu ujana wake. Mtu wa maneno machache, lakini abiria wake aliwajua kwa majina, na mwanamke akiwa na mzigo mzito alimshusha mlangoni kwake hata kama hapakuwa na kituo.

Mwaka 1995, wakati wa vita, mgeni rasmi, unajua mji ulivyokuwa. Kila mtaa ulibaki na watu wa namna moja, na kuvuka daraja kukawa ni kuiaga nyumba yako. Alasiri moja Hamimu alikuwa amekwisha pakia watu wa Carama waliokuja sokoni, milio ya risasi ikaanza kusikika upande wa kaskazini. Kwenye daraja, mabasi mengine yaliwashusha abiria palepale na kugeuza. Konvuayeri wake, Karimu, aliyekusanya nauli mlangoni, akamsihi nao wafanye hivyo.

Hamimu akamwambia, "We shuka, urudi kwa watoto. Hawa nilipakia mi mwenyewe. Niwaache hapa, walale wapi?"

Karimu alishuka. Basi likavuka. Hamimu hakurudi, na basi la Buyenzi halikwenda tena Carama.

Kwa Bi Waridi ukaanza wakati ambao hatujui tuuite jina gani. Hapakuwa na maiti, hapakuwa na kaburi, hapakuwa na aliyeona. Mtaani yalizungumzwa mengi, na kubwa lilikuwa hili: watu wa Carama wamemla mtu aliyewapeleka kwao. Bi Waridi aliyasikia akayameza. Jina la Carama akaacha kulitamka. Mteja akileta kitambaa na kusema anatoka upande ule, alimrudishia kitambaa chake. Walikuja watu wa heshima kumposa. Aliwajibu wote jibu moja: "Sijui mi ni mujane ao ni muke ya mutu. Munioe namna gani?"

Aliendelea kushona. Usoni alikuwa mzima, lakini dada zake wanasema alikuwa akisikia breki za basi barabarani, mkono wake unasimama juu ya cherehani.

Mwaka jana, baada ya risasi kupungua, njia yetu ilifunguliwa. Shoferi aliyekubali kuiendesha ni Valéry, kijana wa Kinama, naye yupo hapa. Asubuhi ya kwanza watu walijaa kando ya barabara kuliangalia basi. Wa kupanda hawakuonekana. Bi Waridi alitoka nyumbani kwake akiwa amevaa buibui lake jipya, akapita katikati ya watu, akapanda, akaketi nyuma ya shoferi.

Kwenye daraja Valéry alisimamisha gari. Anasema alikuwa anaogopa, na hakuona aibu kumwambia.

"Mama, tuko wawili tu. Turudi?"

"We endesha," akamjibu. "Nataka kuwaona sura zao."

Hakuwa anakwenda kwa amani, mgeni rasmi, hilo ametuomba tusilifiche. Alikuwa amebeba maneno ya miaka minane, na alitaka kuyatoa mbele ya mtu mwenye macho.

Basi lilipofika mwisho wa njia alishuka. Kando ya barabara kulikuwa na mama mmoja analima maharagwe. Ni Mama Epiphanie, aliyeketi leo mkono wa kushoto wa Bi Waridi. Bi Waridi hakumsalimu. Alimwambia, "Mi natafuta watu walipandaka basi ya Hamimu."

Mama Epiphanie aliweka jembe chini, naye mwenyewe akakaa chini palepale udongoni.

"Mama, mumoja ni miye. Alitufikisha wote. Kila mutu alimushusha karibu na kwake, mi wa mwisho. Nikamuambia alale kwetu, akasema muke wake atapata wasiwasi. Akageuza. Hakufika mbali. Nani alimupiga risasi, mpaka leo hatujui."

"Mulimupeleka wapi?"

"Njoo."

Akampeleka pembeni ya shamba, mahali palipozungushiwa mawe. Palikuwa pamepaliliwa. Mama Epiphanie akamweleza kuwa njia ya Buyenzi ilikuwa imefungwa, wakamzika wenyewe, waliotoka kwenye basi lake. "Namna yenu ya kuzika hatukuijua. Tulimufunga na mashuka yetu, yale safi. Tukamulaza anaangalia njia ya kwao. Kisha vita ikatufukuza na sisi. Tuliporudi tuliogopa kuja kwako, ulizo la kwanza lingekuwa nani alimuua."

Bi Waridi alisimama kwenye yale mawe. Maneno aliyokuja nayo hakuyaona tena. Alichouliza ni, "Nani anapalilia?" Mama Epiphanie akasema ni yeye. Wakaketi pamoja mpaka Valéry alipopiga honi ya kurudi.

MAFANIKIO

Masheikh wa Buyenzi walikwenda Carama kwa basi hilihili. Waliona marehemu hakuelekezwa kibla, wakamuuliza Bi Waridi kama afukuliwe. Akasema hapana, waliomlaza walimlaza kwa roho safi. Masheikh walishauriana kwa muda, wakamswalia na kumwacha alivyo.

Walimwambia pia kwamba muda wa eda yake ulikwisha zamani. Akasema ameelewa, ila atakaa tu, roho yake ipate kupumzika. Akajifungia ndani. Sisi tukadhani basi litarudi kuwa tupu.

Ijumaa iliyofuata, Mama Epiphanie alishuka kituo cha Buyenzi na maharagwe kichwani. Wa Carama alikuwa yeye peke yake. Wanawake waliokuwa wakichota maji bombani waliacha ndoo zao wakamtazama. Aliuliza nyumba ya mke wa Hamimu, na mmoja akampokea mzigo, akamtangulia. Alikaa na mfiwa kutwa nzima. Wiki iliyofuata walikuja wanawake wengine waliopanda lile basi la mwisho.

Mafanikio yetu yalianzia hapo. Siku hizi mboga za lengalenga na maharagwe ya Carama yanauzwa soko la Buyenzi. Wanafunzi wa Carama wanafika shule za mjini. Karimu amerudi kuwa konvuayeri, na vituo vyote anavitaja kwa sauti mpaka cha mwisho.

CHANGAMOTO

Basi halijai kila siku. Kuna majirani zetu, pande zote mbili, wanaotutukana tunapopanda, na wapo ambao hofu bado haijawatoka, hao hatuwalaumu. Lakini tumesikia kutoka ofisi inayosimamia mabasi kwamba safari zitaishia darajani, eti abiria ni wachache na njia haijatulia.

Mgeni rasmi, darajani ndipo mabasi yalipogeuzia siku ile.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandaa maombi mengi: paa la kituo cha Carama, mashimo ya Kinama, kioo cha nyuma kilichopasuka. Bi Waridi alituambia tukiomba mengi tutapewa madogo. Kwa hiyo tunaomba moja. Basi lifike Carama, hata siku likiwa na abiria mmoja.

Hatukuombi utujibu hapa. Basi liko pale nje, Valéry yuko kwenye usukani, na baada ya chai tunakwenda kupalilia pale kwenye mawe. Bi Waridi amekushikia nafasi ubavuni pake. Magari yako yanaweza kutufuata nyuma.

Mungu akupe afya, akurudishe salama kwa wanaokusubiri, na kila aliye njiani leo katika nchi yetu naye afike kwao.

Ni sisi,
Umoja wa Abiria wa Njia ya Buyenzi na Carama,
Bujumbura.