Mama Yake Yuko Kazini

Karani alifumba macho nusu ndani ya basi, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele. Huko mtunza bustani alipakata boksi la viatu lenye mtoto wa sungura wa porini, aliyemkuta kwenye nyasi alipokuwa akifyeka.

“Katelekezwa, dada. Mama gani anamwacha mtoto peke yake kutwa nzima?”

“Hajatelekezwa,” akasema muuguzi aliyekaa naye, sare bado mwilini. “Mama sungura hukaa mbali makusudi, maadui wasijue mtoto alipo. Giza likiingia anakuja, ananyonyesha dakika chache, anaondoka. Mrudishe palepale ulipomtoa.”

“Nimeshamnunulia maziwa ya ng'ombe.”

“Hayo ndiyo yatakayommaliza.”

Mtunza bustani akalikumbatia boksi. Huruma ya namna hiyo karani hakuwahi kuiona hata kwa wakwe zake.

“Kwani wewe dada una mtoto?”

“Ninaye, wa miezi mitano. Yuko kwa jirani tangu alfajiri.”

Basi likasimama. Mtunza bustani akainuka na boksi lake, akamtazama muuguzi kwa uchungu wa kweli.

“Maskini mtoto wako,” akasema. “Huyu angalau amenipata mimi.”