Mukwa Si wa Kumbeba Mama

Bwana asifiwe! Na nyinyi wa nyuma, mmelala? Bwana asifiwe tena!

Ndugu zangu, mimi ni Ndanu, na wengi hapa Nuu mnanijua kwa mdomo wangu kuliko kwa maombi yangu. Leo sikuja kuchekesha mtu. Wiki iliyopita mlinisaidia kumzika mama, na nimeomba nafasi hii kabla machozi hayajakauka. Yakikauka nitaanza kupamba maneno.

Mama alipatwa na kiharusi, miguu ikafa. Mimi nilikuwa nimefiwa na mume, nimerudi nyumbani, basi tukabaki wawili. Kumtoa kitandani, kumpeleka choo, kumkalisha kivulini, kumgeuza, yote yalikuwa yangu. Mtu asiyeweza kujigeuza huoza akiwa hai, ndugu zangu. Mama alitokwa na kidonda kwenye nyonga, na ile harufu sitaisahau.

Mimi nilimwinua vile tunavyoinua kila kitu huku kwetu. Mnajua tunavyopalilia, magoti yamenyooka, mgongo umekunjwa, kichwa chini kutoka asubuhi. Hivyo ndivyo nilivyomwinamia mama. Mgongo ukaanza kulia. Nikanyamaza, maana mwanamke wa huku akilalamika mgongo, huulizwa kama alizaliwa kukaa.

Siku moja nikajiona mwerevu. Nikachukua mukwa, ule mkanda wa ngozi tunaopitisha kichwani kubebea maji. Nikajiambia, kama mtungi uliojaa nautoa mtoni mpaka nyumbani, mama aliyebaki mifupa atanishinda? Nikamfunga mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, nikainuka. Mama akacheka! Akasema, "Ndanu, leo mimi ni maji."

Tulifika mlangoni tu. Mtungi hukaa pale ulipoufunga, lakini mtu ana hofu. Mama aliogopa, akaegemea upande mmoja. Kitu kikakatika kiunoni mwangu na tukaanguka wote wawili.

Tulilala kwenye vumbi tukiwa bado tumefungwa pamoja. Mimi siwezi kuinuka, yeye hawezi kuinuka. Jua likatupata hapo. Kuku wakatupita juu. Na mama akawa ananiomba msamaha! Yeye ndiye aliyekuwa anaomba msamaha! Nililia mpaka jirani yangu Syokau alipokuja kuomba kiberiti akatukuta.

Hospitalini waliniambia mfupa haukuvunjika, nimeze dawa nipumzike. Nikapumzika. Syokau akawa anatulisha sisi wawili, kila mmoja kitandani kwake. Kaka yangu Musyoka akaja kutoka Kasikeu. Hakuwa na ubaya. Alisema, "Ndanu, wewe mwenyewe ni mgonjwa. Baada ya mavuno nitarudi. Nikikuta unaweza kumwinua mwaitu, mama yetu, nitamwacha. La sivyo namchukua."

Mama aligeuza uso ukutani. Alitaka kufia nyumbani kwake, karibu na kaburi la baba. Hilo tu ndilo alilobaki akilitaka duniani.

Mlikuja mkaniombea, Mungu awabariki. Mimi niliomba mgongo mpya. Hakunipa! Alinipa Mwende.

Mwende ni binti wa Musyoka. Kazi yake kule Makindu ni kufundisha watu walioumia kutumia miili yao tena. Alipofika hakuniuliza panauma wapi. Alisema, "Shangazi, hebu okota hiyo sufuria."

Nikaokota. Akafunga macho.

"Na susu, nyanya yangu, ulikuwa unamwinua hivyo?"

"Ulitaka nimwinue na nini?"

"Na miguu, shangazi. Na makalio. Mungu hakukupa hayo yote ya kukalia peke yake."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikasirika. Umri huu nifundishwe kuinama kama mtoto! Lakini nikaanza. Kuketi kwenye kigoda na kuinuka bila kushika kitu, mpaka mapaja yanatetemeka. Kusukuma makalio nyuma, mgongo umenyooka, mtungi mtupu nimeukumbatia kifuani. Ikizoeleka, tunatia maji kidogo. Haba na haba, ndugu zangu! Kuna siku maumivu yalinishika mpaka mguuni tukarudi kwa mtungi mtupu, nikasema maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mchungaji.

Syokau, ambaye magoti yake ni mabovu, akaja aige. Mwende akamkataza. "Hii ni dawa ya shangazi. Wewe acha kwanza nikuangalie magoti." Syokau akanuna, maana sisi tumezoea mwethya, kuchimba matuta pamoja, jembe moja likipanda yote yanapanda. Lakini alipewa yake, ya polepole, akiegemea ukuta. Mungu alituumba mmoja mmoja, si kwa fungu kama matofali!

Mavuno hayakuwa mavuno, mliyaona. Musyoka akaja na gari la kukodi. Blanketi za mama zikafungwa. Mama alikuwa ananiangalia tu.

Nikasema, ngoja. Nikamkalisha ukingoni mwa kitanda. Nikasogea karibu, mikono yake shingoni mwangu, kifua kwa kifua. Nikasukuma makalio nyuma. Nikaita jina la Yesu, nikasimama, na mama akasimama nami.

Musyoka akaenda kufungua zile blanketi.

Ndugu zangu, sitawadanganya. Mgongo wangu si mpya, asubuhi hunikumbusha. Mama hakupona. Kile kidonda kilifunga, lakini alizidi kunyauka. Namshukuru Mungu, namshukuru Mwende, namshukuru Syokau na magoti yake. Na wewe uliyelala nyumbani ukidhani mwili wako umekwisha, mwamini Bwana! Halafu akikutumia mtu wa kukufundisha kuinuka, usimkasirikie kama mimi.

Siku ya mwisho nilikuwa namtoa mama kitandani nimpeleke kivulini. Tukiwa tumesimama, kifua kwa kifua, nikasikia pumzi yake shingoni mwangu, kisha sikuisikia tena. Akawa mzito ghafla, mzito kuliko maji yoyote niliyowahi kubeba. Nikakunja magoti, nikamrudisha kitandani polepole, kichwa chake mkononi mwangu.

Sikumwangusha, ndugu zangu. Bwana asifiwe. Sikumwangusha.