Kinundu cha Mkono wa Kushoto

Sogeeni, wanangu, na wewe Alonzo acha kugongagonga mguu sakafuni, unanikatia maneno. Earlene, hicho kinasa sauti kinazunguka? Basi kiache kizunguke, na nikikohoa usikizime, kwa maana kikohozi nacho ni changu na sina cha kuficha tena. Mimi Ozella Tarpley, mkunga wa wilaya hii kwa miaka arobaini na mitatu, niliyejifundisha kusoma kwa magazeti yaliyobandikwa ukutani kuziba upepo, nasema haya kwa hiari yangu na kwa akili zangu, ingawa akili zenyewe leo zimechafuka kama maji ya kisima baada ya mvua kubwa.

Alhamisi yule mama wa ofisi ya mashtaka atarudi na karatasi yake. Faili la kuuawa kwa baba yenu limefunguliwa tena, baada ya miaka thelathini na minne, na anachotaka kwangu ni jina moja tu. Msidhani sijawasikia jikoni mkidhani nimelala. Wewe Alonzo ulisema, "Atamtaja Coy Haskew, hata kama nitamshika kidevu mwenyewe!" Na wewe Earlene ukamjibu, "Mshike kidevu uone, kaka, bado ana nguvu za kukuzaba kofi." Nilicheka peke yangu. Kisha nikalia, kwa sababu mnagombea jina ambalo mimi mwenyewe sijui kama ni lenyewe.

Lakini kwanza shamba, maana nikianza hayo mengine sitarudi. Ekari arobaini za babu yangu Elihu msizikate vipande, na msikae nazo kama tulivyokaa sisi, bila hati, kila mmoja akisema ni letu. Binamu yangu alimuuzia mzungu sehemu yake ya lile shamba jingine la ukoo, sehemu moja tu kati ya kumi na nne, na mzungu akaenda mahakamani na ile sehemu moja akaomba shamba lote lipigwe mnada, na lote likaenda. Nendeni kwa mwanasheria, andikeni majina yenu mawili kwenye karatasi moja, na atakayetaka kuuza amuuzie mwenzake. Mkigombana gombaneni, lakini gombaneni mkiwa ndani ya uzio.

Babu Elihu alizaliwa mtumwa, na yeye ndiye aliyeniambia habari za Mashuka. Dunia huwaita Klani, wazungu wanaojifunika nyuso na kutuwinda sisi weusi. Sisi tuliwaita Mashuka. Mara ya kwanza walikuja baada ya ile vita iliyotukomboa utumwani, askari wa kizungu walioshindwa, wamevaa magunia usoni wakijidai mizimu ya wenzao waliokufa vitani. Mmoja aliomba maji, akamimina ndoo nzima kooni, akasema, "Sijapata tone tangu siku nilipokufa." Babu alikuwa kijana mwenye macho, akaona mfuko wa ngozi umefungwa chini ya vazi, maji yanaingia humo. Akacheka. Kicheko kile kilimgharimu mgongo wake. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikipitisha kidole kwenye yale makovu kama mtu anayesoma.

Serikali ikawatia nguvuni, tukadhani wamezikwa. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu wakafufuka, na safari hii hawakujificha hata kidogo. Walipita mjini mchana kwa tarumbeta, nyuso wazi, wake zao wamebeba mikate ya tufaa, mchungaji mbele. Katikati yao nikamwona daktari wa meno aliyemng'oa mama yangu jino bure. Aliniona. Akanipungia mkono! Nami, wanangu, nikampungia. Mpaka leo sielewi mkono wangu ulinyanyuliwa na nani. Mara ya tatu walikuja kwetu, nyie mnajua. Na sasa naona kwenye televisheni wamevaa suti, wananyoa vizuri, wanasema hawamchukii mtu yeyote. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, lakini hawakutuambia tufanyeje pale anayekula anapobadilisha nguo kila kizazi.

Ninywesheni maji. Hapo. Imetosha.

Sasa nakuja penyewe. Mwaka wa elfu moja mia tisa thelathini na nne, Verna Haskew alishikwa na uchungu, na kwa kuwa walikuwa weupe maskini, wa kulima shamba la tajiri na kugawana naye mavuno nusu kwa nusu kama wengi wetu, hakukuwa na daktari wa kumfuata huko kwenye matope. Wakaniita mimi. Wakatoka wavulana wawili waliofanana kama mbegu mbili za pamba, na kila mmoja ana kidole cha sita pembeni mwa mkono wa kushoto, kidole laini kisicho na mfupa. Nikafanya alivyonifundisha mama yangu: nikakifunga kila kimoja kwa uzi wa hariri shinani, nikakaza, na baada ya siku nane vikaanguka vikavu, vikabaki vinundu viwili kama punje za mchele. Wa kwanza kutoka nilimfunga uzi kifundoni mwa mguu nipate kumjua. Nilipowaogesha ukachomoka. Mama yao akaniuliza, "Shangazi Ozella, yupi mkubwa?" Nami kwa aibu ya mkunga kijana nikaonyesha mmoja, nikasema, "Huyu." Akamwita Coy. Mwenzake akawa Hoyt. Kwa hiyo hata hayo majina mnayotaka niyatie kwenye karatasi, mimi ndiye niliyeyagawa kwa kubahatisha.

Na hilo "Shangazi" lilinikera maisha yangu yote. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, simo katika ukoo wao, ila walishindwa kusema "Bibi Tarpley" kama vile neno lingewavunja meno.

Sikilizeni hili sasa, na msinikatize, maana sijapata kulisema. Baba yenu Lucius alikwenda mara mbili mahakamani kujiandikisha kupiga kura, na mara mbili karani alimuuliza maswali ya kutuzuia sisi weusi, ambayo hata gavana asingeyajibu. Akasema atarudi Jumatatu. Alhamisi kabla ya Jumatatu hiyo nilikuwa nyuma ya nyumba, nachemsha nguo kwenye sufuria kubwa, akaja kijana mmoja wa Haskew, kofia mkononi.

"Shangazi Ozella," akasema, "mwambie Lucius Jumamosi asionekane hapa."

"Wewe ni yupi?" nikamuuliza. "Coy au Hoyt?"

"Haina maana ni yupi."

"Umetumwa?"

"Sijatumwa na mtu. Mwambie tu."

Nikachomoa mti wa kukorogea nguo, unatoka mvuke, nikamwelekezea. "Kawaambie waliokutuma kwamba Lucius Tarpley hakimbii ua wake. Nenda! Nilikuosha makalio mimi, usije hapa kunitisha!"

Akanitazama. Akafungua mdomo kama mtu mwenye neno la pili, kisha akavaa kofia akaenda zake.

Sikumwambia baba yenu. Mnanisikia? Sikumwambia. Na kuna zaidi. Jumamosi ile asubuhi Lucius alikuwa ametandika nyumbu aende ng'ambo ya mto kwa dada yake, kumsaidia kuezeka. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilisema, "Leo hutoki. Rekebisha uzio." Akasema, "Zella, uzio una nini leo ambao kesho hautakuwa nao?" Nikamjibu kwa ukali wangu mnaoujua, akacheka, akafungua nyumbu. Miaka yote nimewaambia alibaki kwa kupenda kwake. Ni uongo. Mimi, ninayejisifu mbele ya watu kwamba sijui kuzungusha neno, nimewalea kwa uongo mmoja mkubwa kama nyumba. Nilidhani naulinda ua wetu. Nilidhani tukimwonyesha yule kijana kwamba hatuogopi, basi. Kumbe alikuja kunipa maisha ya mume wangu mkononi, nami nikayapiga kwa mti wa kufulia.

Usiondoke, Alonzo. Kaa. Utanikasirikia nikishamaliza, muda wa kunikasirikia utakuwa nao mwingi kuliko mimi.

Nyinyi mlikuwa kanisani mkifunzwa nyimbo. Walikuja saa sita mchana, jua la utosi, magari mawili, watu saba ndani ya mashuka. Nilikuwa barazani nabangua maharage. Walimwangusha baba yenu karibu na uzio, na mmoja akashindwa kufunga kamba kwa sababu ya glavu. Akaivua ya kushoto kwa meno, kupitia ile kofia yao ya kufunika uso. Nikauona mkono. Nikakiona kinundu changu. Nikajua ule mkono niliushika kabla mtu mwingine yeyote duniani hajaushika. Nikaita, sijui niliita nini, nadhani niliita "Mwanangu!" Naye mikono ikasimama, kiasi cha mtu kuvuta pumzi moja. Kisha akakaza fundo.

Jumatatu walimkuta kijitoni. Wale walioketi kuchunguza kifo waliandika kwamba amekufa kwa mikono ya watu wasiojulikana. Wasiojulikana! Mmoja wao nilimpokea duniani kwa mikono hii. Sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, aliniuliza mbele ya watu, "Uliona uso wa mtu, Shangazi?" Nikasema sikuona uso. Hapo nilisema kweli, na kweli ile ilikuwa woga.

Hoyt aliangukiwa na trekta akafa, mwaka wa sabini na moja. Akabaki Coy. Na kiangazi kilichofuata Coy akaanza kuleta nyanya. Anaziacha kwenye ngazi, anagusa kofia, anaondoka. Mwaka ule dhoruba ilipong'oa paa, alipanda na bati zake mwenyewe akaliziba, wala hakuomba hata kikombe cha maji. Wewe Alonzo unasema, "Hiyo ni hatia inayotembea, Mama." Wewe Earlene unasema, "Huenda aliyefunga kamba ni Hoyt, na huyu anahuzunika kwa ajili ya ndugu yake." Nimelala na maneno yenu yote mawili kama mtu kati ya watoto wawili wanaovutana blanketi. Na liko la tatu, ambalo hamjalisema kwa sababu hamkujua habari ya onyo: pengine alikuwa ni mtu mmoja. Pengine aliyekuja na kofia mkononi Alhamisi ndiye aliyefunga kamba Jumamosi. Pengine nilipomfukuza alirudi kwao na hasira, au na aibu, na hakuwa na mahali pengine pa kwenda ila kwa wale wenye mashuka. Basi hapo nimtaje nani? Nimtaje yeye, au nijitaje mimi?

Sijui. Nimepokea watoto elfu moja na mia mbili na zaidi, nilikuwa nikigusa tumbo najua kichwa kiko wapi, na hili sijui. Wakati mwingine nauona mkono ule nauchukia, na papo hapo vidole vyangu vinakumbuka jinsi ulivyokuwa mdogo, na chuki inakosa pa kushika. Msiniite mwenye huruma. Si huruma. Ni kuchanganyikiwa, na nimechanganyikiwa tangu siku ile ya tarumbeta.

Mficha uchi hazai. Nimewaambia wanawake hilo miaka arobaini, vua uone aibu mtoto atoke. Basi nami nimevua. Alhamisi mpeni yule mama kanda hii yote, msikate hata neno. Jina nitakaloandika ni hili: niliona kinundu, na vinundu hivyo vilikuwa viwili. Niliona mkono, sikuona uso. Niliambiwa mapema, nikanyamaza, nikamzuia nyumbani. Wakitaka kumshtaki Coy kwa hayo, wamshtaki. Wakitaka kunilaumu, wanikute makaburini. Lakini Alonzo, hutalisukuma jina kooni mwangu. Wale walioandika "wasiojulikana" walidanganya kwa sababu ilikuwa rahisi. Sitawajibu kwa uongo wetu ulio rahisi.

Earlene, nigeuze kidogo... upande wa dirisha. Hivyo.

Kuuliza si ujinga. Kila mtu anajua hilo. Miaka ishirini mtu huyu anapanda ngazi zangu, na mimi, Ozella msema kweli, Ozella mdomo mkavu, sijamuuliza hata siku moja. Nilikata nyanya zake, nikazitia chumvi, nikala. Niliogopa atajibu. Aseme "si mimi," nisimwamini. Aseme "ni mimi," nifanyeje, nimtapikie?

Kwa hiyo Alonzo, chukua gari. Nenda kwa Coy. Usimguse. Mwambie, "Mama anakata roho na ana swali." Asipokuja, basi hilo nalo ni jibu la aina yake, andikeni. Akija, mleteni mpaka hapa kitandani, na mtoke wote, hapana... msitoke. Kaeni. Yatosha mambo ya kunong'ona.

Mungu awape afya ya mwili na wepesi wa ulimi... mseme mapema, msiseme kwa kuchelewa kama mimi. Awape watoto watakaowabishia. Shamba lisitoke. Alonzo, hasira uliyonayo ni yangu, uliirithi kwangu, isamehe kama unavyosamehe pua. Earlene... wewe umenibeba, Mungu akubebe. Nimewabariki, wote wawili, mkono wa kulia na... na huu mwingine pia.

Mbona bado umesimama? Nenda, mwanangu.

Na nikiwa nimekwisha kwenda kabla hajafika... mwulizeni mbele yangu vilevile. Earlene, unanisikia? Usinifumbe macho. Mpaka amejibu.